Uzi Mpya wa Ligombo

Nyololo,
12 Januari 2025

Eveline,

Huna aibu. Naanza hivyo hivyo bila kamwene wala habari za huko, kwa sababu mtu anayemuuzisha baba yake sumu ya panya hasalimiwi.

Jirani yangu Faustina alipeleka viazi Mwanjelwa huko kwenu wiki iliyopita. Amerudi, hajavua hata viatu vya safari, ananiambia, "Mama Bertha, nimemsikia marehemu Joachim sokoni." Nikamwambia umelewa ulanzi wa njiani. Akasema sijalewa, yuko kijana anasukuma toroli lina kipaza sauti, anauza sumu ya panya, na kabla tangazo halijaanza linapigwa ligombo, uzi unalia juu ya ubao na kibuyu. Ligombo la Joachim. Anasema amelijua kwa ule mkono wake wa kusita kidogo kabla ya kurudi, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni. Halafu inafuata sauti ya mwanamke, "Panya akila hii, darini hapandi tena." Na sauti hiyo, anasema Faustina, ni ya kwako.

Nilimzaa Joachim, nikamlea, nikamzika mwezi wa kumi na moja nikiwa na miguu yangu mwenyewe. Sikumzika aende kufukuza panya.

Ulikuwepo siku ya mazishi. Uliniona nimeshika kisu nikakata uzi wa ligombo mbele ya watu wote. Kwenye nyumba hii mpigaji akifa, uzi wake unakufa naye. Ubao unatundikwa juu ya moshi wa jikoni, unakaa kimya, mpaka mtu wa damu yake aweke uzi mpya, akae mbele ya mwanamke mkubwa wa nyumba, apige, na mwanamke huyo aseme "limelia". Asiposema, linarudi juu ya moshi. Babu yako alipiga mbele ya mama yake. Baba yako alipiga mbele yangu, nikamrudisha mara tatu, mara ya mwisho akanuna kama mtoto, na alikuwa na ndevu. Sasa wewe uzi umekatwa, ubao uko juu ya moshi wangu naukodolea macho, na kumbe marehemu anapigishwa sokoni kwa umeme.

Na usinipigie simu kujitetea. Simu ya baba yako ninayo hapa, inatetemeka mezani kama panzi aliyekatwa miguu, mimi siigusi. Simu ni ya watu wasio na la kusema. Nilisoma kisomo cha watu wazima nikapewa cheti, mkono wa kuandika ninao. Na wewe unao. Barua mpe konda wa basi la asubuhi, aiache dukani kwa Ahmadi hapa stendi.

Toa kitu hicho sokoni.

Bibi yako,
Bertha Sekalinga


Mbeya, Soweto,
19 Januari 2025

Shikamoo Bibi,

Nimeitoa. Nilimfuata yule kijana Mwanjelwa nikambadilishia memori kadi, nimemwekea kinanda. Anasema panya hawajali.

Sina cha kujitetea. Mwenye sumu alitaka kitu cha asili kidogo pale mwanzoni. Kwenye kompyuta yangu kitu cha asili kilikuwa hicho kimoja. Nikakata kipande, nikaweka. Nilidhani mkono wangu utakataa. Haukukataa. Nikala chakula cha mchana, nikaendelea na kazi nyingine.

Labda hujui vizuri ninavyoishi. Nyimbo zangu natunga mwenyewe, narekodi mwenyewe, naziweka mtandaoni mwenyewe. Sina lebo, sina meneja. Chumba nimekibandika magodoro ya zamani ukutani ili nyundo za gereji ya jirani zisiingie kwenye maiki. Watu wanaonisikiliza si wengi ila wapo, wananiandikia, "Dada Eveline, wimbo mpya lini?" Najibu hivi karibuni. Tangu Novemba sijatunga kitu. Narekodi kwaya za watu na matangazo. Siumwi, Bibi. Nakula, nalala. Ni kama ile ganzi ya daktari wa meno, nagusa shavu naona ni la mtu mwingine.

Huo muziki baba aliupiga humu chumbani Septemba, alipokuja kupima kifua. Alibeba ligombo kwenye mfuko wa unga. Nilimwomba aimbe, akakataa, akasema maneno ya wimbo huo ni ya kwako, Bibi, wewe ndiye utayatia. Akapiga mpaka karibu na mwisho, akaacha, akakohoa, akacheka kidogo, halafu akasema kitu kwa Kihehe. Maneno machache tu. Mimi Kihehe changu ni cha kusalimia, nimekulia huku kwa kina mama, ninachokielewa ni Kinyakyusa. Sikumwuliza palepale. Nilidhani nitamwuliza kesho yake.

Nimempa konda kiredio kidogo, memori kadi iko ndani. Bonyeza kitufe chekundu. Nisikilizie uniambie baba amesema nini. Na ukiona inafaa, unipe ruhusa nije kuweka uzi mpya. Kidogo alinifundisha, na vidole vya gitaa ninavyo. Sijui kama naweza. Nauliza tu.

Mjukuu wako,
Eveline


Nyololo,
2 Februari 2025

Eveline,

Barua imefika. Shikamoo yako nimeiona, marahaba naiweka kwanza, utaipata ukistahili.

Kiredio nacho kimefika. Ahmadi alikibonyeza palepale dukani kuhakikisha ni kizima, nikaona wateja wamesimama, mama mmoja wa Mafinga akaweka chini mafuta yake ya taa. Ahmadi hakunitoza chochote cha kukitunza. Ni Mwislamu mwenye adabu, wewe na ulokole wa mama yako mngejifunza kwake.

Nimekisikiliza nyumbani. Baba yako kapiga vizuri. Lakini mmetia ngoma nyingi mno, zinamfunika. Vijana hamuwezi kuacha kitu kikae peke yake, lazima mkitwange. Ondoa ngoma.

Aliyoyasema mwishoni ni maneno ya kawaida. Habari za uzi na kikohozi. Hayakuhusu.

Uzi mpya bado. Udongo wa kaburi haujashuka. Baba yako mdogo Marcelino naye kaja hapa na maneno yake, anataka kulipeleka ligombo kwenye hoteli moja ya watalii njia ya kwenda mbugani, walitundike ukutani, ati huku linaliwa na moshi. Nimemwambia mwanamke wa kulisikiliza angali hai. Siku nitakaposhindwa kulisikiliza ndiyo aje na gunia lake.

Mbuzi amezaa mapacha juzi usiku nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Nimewakuta asubuhi, mmoja amekufa kwa baridi. Mama mtu ni mjinga, alikaa kimya usiku kucha badala ya kuita. Angeita ningetoka na gunia nikamfunika mwanawe.

Kula vizuri.

Bertha Sekalinga


Mbeya,
9 Februari 2025

Shikamoo Bibi,

Hakuna ngoma.

Nilisoma barua yako nikarudi kusikiliza, nikifikiri labda nimekutumia kitu kingine. Ni kile kile. Ni ligombo peke yake, na baba anavyopumua. Hakuna hata mtu anayegonga meza. Kwa hiyo hukusikiliza. Ungeniambia tu kwamba hutaki, ningeelewa.

Na niseme na hili, halafu sitalisema tena.

Siku ya mazishi, mchungaji alipomaliza, baba mdogo alinisogeza mbele ya kaburi akasema mtoto wa marehemu atamwimbia baba yake. Nikaanza ule wimbo alionifundisha nikiwa mdogo, tukichambua maharage. Nilikuwa kwenye ubeti wa pili. Wewe ulikuwa umenipa mgongo. Ukainuka ukaita kwa nguvu mpaka jikoni, "Wali umeiva? Watu wa Madibira wana safari!" Wapishi wakaitikia bado. Ukasema, "Basi kolezeni moto, mnangoja nini?" Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani, wakaziba midomo. Nikanyamaza katikati ya neno. Nilikungoja ugeuke. Hukugeuka, ukaenda kuangalia vyungu.

Sijaimba tangu siku hiyo. Ile ya panya ni kusema, siyo kuimba. Nikisimama mbele ya maiki nafungua mdomo, na kinachonijia ni kusikiliza kama wali umeiva.

Sijalia pia. Watu wananisifu kwamba nimejikaza. Sijakaza kitu.

Kuna kaka mmoja wa Uyole anaitwa Gwakisa, ana studio kubwa ya matangazo. Anataka kununua maiki yangu na spika, halafu niende nikafanye kazi kwake. Nitakuwa na mapumziko Jumapili. Kompyuta atachukua baadaye. Nimekubali. Ligombo mpe baba mdogo kama mtaona vema. Hoteli watalifuta vumbi.

Eveline


Nyololo,
2 Machi 2025

Eveline,

Watu wa Madibira walikuja na gunia lao la mchele, wakalala kwenye lori njia nzima, mmoja kavimba mguu. Ulitaka waondoke na njaa ili wewe umalize ubeti? Mimi ndiye niliyefiwa na mtoto, na mimi ndiye niliyewalisha watu. Sikukaa chini kuonewa huruma.

Kwamba ulikuwa unaimba sikujua. Kama uliimba, basi uliimba kwa sauti ndogo, ndivyo mlivyo siku hizi, mnanong'oneza vyuma. Babu yako akiimba hapa, watu wa ng'ambo ya barabara waliacha jembe wakasimama.

Vifaa usiuze.

Maharage yamepata kutu. Mbuzi mdogo aliyebaki anatembea.

Bertha Sekalinga


Nyololo,
13 Aprili 2025

Mwanangu Eveline,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Faustina, jirani wa bibi yako, yule mwenye viazi. Leo ni Jumapili ya Matawi, nimetoka kanisani, nikaona nikuandikie kabla Shetani hajaniambia niache. Bibi yako hajui. Akijua ataninyima moto wa kuwashia.

Mwanangu, bibi yako ni kiziwi.

Siyo wa kusikia kidogo. Hasikii kabisa. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta na nimelijua majuzi tu, unaweza kuamini? Nilikuwa naona ananitazama mdomo nikiongea, nikadhani nina mchicha kwenye meno, nikawa nanunua vijiti. Kumbe anasoma midomo. Nikimpa mgongo hajibu, nikasema ni kiburi, maana kiburi anacho, hata mbele za Mungu anacho. Watu wa kanisa lake la Kilutheri wanasema anasimama wakisimama na kukaa wakikaa, na kitabu cha nyimbo anakifungua popote.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mbuzi wake alilia usiku kucha. Kijiji kizima tulimsikia, mimi niligonga dirisha lake mpaka mkono ukauma. Asubuhi akatoka akaanza kumtukana mbuzi kwamba hakuita. Hapo nikaanza kuona kitu. Nikamjaribu. Nikaangusha sinia la bati nyuma yake. Akaendelea kupepeta ulezi.

Sikusema. Lakini Jumatano alikuja kwangu na kile kiredio chako, akakaa, akasema, "Faustina, macho yangu hayaoni vizuri kitufe, hebu bonyeza wewe, usikilize mwisho Joachim anasema nini, halafu uniambie taratibu ukinitazama." Macho yake! Mwanamke anayeona kunguni kwenye blanketi jeusi. Nikabonyeza. Akakishika mwenyewe mkononi, akaniambia mimi huangusha vitu. Nikasikiliza mpaka mwisho. Mimi ni Mbena lakini Kihehe nakijua kama ugali.

Baba yako alisema hivi: "Mama hasikii tena, na hataki isemwe. Sasa tutampigia wapi?"

Hapo ndipo inapoishia.

Nilimwambia bibi yako nikimtazama, neno kwa neno. Alichukua kiredio chake akaenda kukoroga uji wa mbuzi.

Sasa juu ya wali. Bibi yako barua zako huniachia mezani nikija, anajifanya amesahau kuzifunga, kwa hiyo nimesoma. Siku ile ya mazishi nilikuwa jikoni, nilikuwa naivisha wali huo huo. Nilimsikia akiita. Mwanangu, hakukukatiza wimbo. Kwake hapakuwa na wimbo. Aliona watu wamesimama kimya, akadhani sala imeisha.

Usimwambie nimeandika. Au mwambie, mimi nimechoka kununua vijiti.

Pasaka njema,
Faustina


Mbeya,
27 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Tangu lini?

Faustina ameniandikia, usimkasirikie. Nimesoma barua yake mara nyingi. Nilitegemea nitalia. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia magodoro ukutani mpaka fundi wa gereji akafunga. Halafu nikaosha vyombo.

Gwakisa ameshachukua maiki na spika. Nilimsaidia kupakia. Kompyuta atachukua mwisho wa Mei, na Juni nitaanza kwake. Nimebaki na gitaa kwa sababu lina ufa.

Nilikuambia uliniharibia wimbo. Kumbe hukuwa nao. Sijui niuweke wapi huo uchungu sasa, nilikuwa nimeshauzoea.

Baba ameuliza swali, nakuuliza wewe. Tutakupigia wapi, Bibi?

Eveline


Nyololo,
18 Mei 2025

Eveline,

Faustina ana mdomo kama mlango wa kanisa, hauna komeo. Nimemwambia hivyo usoni. Akajibu kitu, na safari hii nikamwambia sikusikia. Akacheka mpaka akakaa chini. Sioni kinachochekesha.

Umeuliza tangu lini. Sikio la kushoto liliondoka mwaka ule wa mvua nyingi, nikadhani ni maji. La kulia likafuata polepole. Kwanza walikwenda ndege, halafu watoto, halafu mchungaji, huyo sikumkosa sana. Kufikia msiba wa baba yako nilikuwa nimebakiwa na mngurumo tu, kama lori linalokuja kutoka Makambako na halifiki. Nilikaa kwenye mkeka nikaona midomo ya wanawake inafunguka na kufungwa. Nilijua ni kilio kwa sababu zamani nilikuwa nakisikia. Mtu analia kwa kusikia wenzake wanalia, hilo nimelijua siku ile. Mimi nilikaa kama gunia la mahindi. Mtoto wangu yuko kwenye sanduku mbele yangu na ndani yangu hakuna hata nzi. Nikaona afadhali niulize wali. Wali unaiva hata kama husikii.

Kwa hiyo wewe na ganzi yako ya meno usijione wa kwanza.

Sikukwambia kwa sababu mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayesema "limelia". Wakijua hasikii, Marcelino anakuja na gunia, na ligombo la babu yako linakwenda kutundikwa juu ya kitanda cha mzungu. Ndiyo maana nikasema ngoma. Nyimbo zenu zote nilizowahi kusikia zilikuwa na ngoma, ningejua vipi kwamba safari hii mmepata akili? Nilidhani siri ni yangu peke yangu. Kumbe Joachim alijua na akakaa nayo mpaka kaburini. Alikuja hapa Oktoba akanipigia wimbo mzima, nikatikisa kichwa, nikamwambia vizuri. Akanitazama. Akasema, "Asante, Mama." Nilisoma mdomo wake. Tulidanganyana pale, mimi na yeye, halafu tukala viazi.

Sasa sikiliza. Neno hilo bado nalitumia.

Siku niliyompelekea Faustina kiredio, nilikishika mwenyewe kiganjani. Kikaanza kutetemeka. Nikasema ni kama ile simu, ujinga mtupu. Halafu kikasita. Halafu kikarudi. Kikaenda, kikasita tena palepale. Nikamjua Joachim, kasahau kitu mlangoni. Faustina alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga, mimi nilikuwa natazama kiganja changu. Sikulia. Usidhani kuna machozi yanakungoja huku, sina. Ila mkono ulijua ni nani.

Nikaenda nyumbani nikajaribu sehemu nyingine za mwili, kwa sufuria na mwiko. Goti halifai. Tumbo linakula sauti, lina uji. Shavu ni zuri lakini meno yangu yamelegea. Mahali penyewe ni kwenye mfupa wa kifua, chini kidogo ya shingo. Baba yako aliuliza wapi. Mwambie ni hapo.

Marcelino nimemwita jana nikamwambia ukweli kwa mdomo wangu, kwamba mimi ni kiziwi. Alifurahi, mwongo akisema hakufurahi. Nikamwambia usishone gunia, ngoja Eveline aje apige, uone. Kama nitashindwa kulijua likilia, alichukue mbele ya watu. Kama nitalijua, asilitaje tena jina la hoteli kwenye nyumba yangu. Amekubali, na Faustina na Ahmadi walikuwepo. Kwa hiyo ukija kupigapiga kivivu, limekwenda.

Fanya hivi. Kompyuta usimpe Gwakisa. Mwambie bibi yako amekataa, na kama ana la kubisha aje Nyololo anibishie, sitamsikia. Maiki imekwenda, iende. Utatafuta nyingine ukishapata cha kuimba, huwezi kununua chungu kabla ya unga. Kazi yake ya Juni sikuzuii wala sikusukumi, lakini kwanza njoo.

Alhamisi pita machinjioni alfajiri, omba mshipa mrefu wa mgongo wa ng'ombe, mbichi, usiokatwa katikati. Usiniletee waya wa gitaa. Panda basi la asubuhi, shuka Nyololo, usipitilize mpaka Mafinga kama mwaka ule ulipolala na kudondosha mate. Ukifika usinipigie kelele sikioni kama wapumbavu wanavyowafanyia viziwi. Simama mbele yangu, ufungue mdomo vizuri.

Tutalishusha ligombo wote wawili, ni zito upande wa kibuyu. Mshipa tutaukausha na kuusokota mpaka Jumamosi, nitakuonyesha unavyokwenda na kurudi kwenye meno ya ubao, uzi ni huo mmoja tu, hauna wa akiba. Maneno ya wimbo usiyoyajua nitakupa mimi, ninayo yote, hayo hayakuondoka na masikio. Halafu ukae karibu, mdomo wa kibuyu uukandamize kwenye mfupa niliokwambia, usiogope kuniumiza. Upige, na uimbe umekaa karibu hivyo hivyo, nitaweka mkono kwenye koo lako. Wimbo ule ule uliokatikia katikati kaburini. Usijaribu kusita kama baba yako, ule ulikuwa mkono wake. Wako sijaujua, na ndio ninaoutaka.

Kama halijalia nitasema halijalia, hata kama umetoka Mbeya na umechoka. Likilia nitasema.

Mchele upo, watu wa Madibira wameleta mwingine. Faustina nimemwambia asiwashe moto mpaka nimwinulie mkono, na Marcelino akisema ana njaa atafune kiko chake. Hakuna atakayeuliza wali.

Marahaba. Njoo uimbe mpaka mwisho.

Bibi yako,
Bertha Sekalinga